Bahasha ya picha: jinsi ya kuyaelewa majibu ya CT, MRI na vipimo vingine baada ya kuambiwa ni saratani

Kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa, kimeshakatwa, majibu ya maabara yamerudi, daktari amelitamka neno lenyewe. Kabla hamjatoka chumbani anaandika fomu nyingine: CT ya kifua na tumbo, au MRI ya nyonga, au picha ya mifupa. Hapo familia nyingi hunung'unika, na si bure, maana vipimo hivi ni ghali: ugonjwa umeshajulikana, hizi picha nyingine za nini?

Kinyama hutaja jina la ugonjwa. Picha hutaja makazi yake: umeanzia wapi, una ukubwa gani, umegusa nini, umehamia wapi. Mtu wa maabara aliyetazama kipande cha titi kwenye hadubini hawezi kujua kama ini liko salama. Na uamuzi wa kupasua kwanza, kuanza na kemo au kupeleka kwenye mionzi hutegemea habari hiyo ya pili. Ndiyo maana picha nzuri iliyopigwa kabla ya dawa ya kwanza ina thamani kuliko zote zitakazofuata, kwa kuwa zote zitapimwa dhidi yake.

Maelezo haya ni kwa yule anayeshika bahasha, awe mgonjwa mwenyewe au, kama ilivyo mara nyingi, mtoto, mpwa au shemeji anayemsindikiza.

Anza na fomu, kabla ya kulipa

Kila kipimo hujibu swali fulani, na swali hilo linapaswa kuandikwa kwenye fomu. Fomu yenye maneno mawili tu, "CT tumbo, kansa", huzaa ripoti ya jumla isiyomsaidia mtu. Mwombe daktari kwa adabu aandike mambo manne: saratani ni ya aina gani na iko wapi; upasuaji gani umeshafanyika na lini; kemo au mionzi ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi; na anachotaka kujua. Msomaji wa picha asiyejua kwamba mgonjwa alitolewa kizazi mwaka juzi atapoteza muda kwenye makovu. Asiyejua kwamba kinyama cha tezi dume kilichukuliwa wiki mbili zilizopita anaweza kuidhania damu iliyovujia humo kuwa ugonjwa, na kwa sababu hiyo MRI ya tezi dume kwa kawaida huachwa wiki sita hadi nane baada ya kinyama.

Tazama pia kama kipimo kinaendana na swali. Kwa saratani ya umio, CT ya kifua na tumbo ndiyo ya kwanza. Kwa mlango wa kizazi, MRI ya nyonga huonyesha mipaka ya uvimbe vizuri kuliko CT. Kwa titi, eksirei ya matiti na altrasaundi ya titi na kwapa. CT na picha ya mifupa huongezwa ugonjwa ukiwa umekua au kukiwa na dalili kama maumivu ya mfupa. Uvimbe mdogo wa titi usio na dalili nyingine kwa kawaida hauhitaji PET, ile picha ya sukari yenye mionzi tutakayoifikia, hata kama jirani amesema ndiyo "kipimo cha mwisho". Kilicho ghali kuliko vyote si lazima kiwe bora kuliko vyote.

Siku ya CT

CT ni eksirei inayozunguka mwili na kuukata kwa picha, kipande kwa kipande. Mionzi yake haibaki mwilini. Ukitoka chumbani unaweza kumbeba mtoto.

Kabla ya siku yenyewe hakikisha kipimo cha damu cha kreatinini kiko tayari na ni cha karibuni. Dawa ya kung'arisha picha, yaani kontrasti yenye aidini, hutolewa na figo. Penye wasiwasi ni pale kiwango cha uchujaji wa figo, kile kinachoandikwa eGFR, kinaposhuka chini ya 30. Mwenye kisukari anayemeza metformini huambiwa aisimamishe saa 48 figo zikiwa katika hali hiyo. Zikiwa nzima kwa kawaida hakuna haja. Usiamue mwenyewe, lakini usisubiri kuulizwa: taja dawa zote kaunta.

Taja pia kama uliwahi kuwashwa, kuvimba uso au kubanwa pumzi ulipochomwa dawa hii. Vidonge vya kuzuia mzio huanza kumezwa nusu siku au zaidi kabla ya kipimo, kwa hiyo ukisema ukiwa umeshalala mezani umechelewa. Mzio wa kamba na pweza, unaoogopwa sana huku pwani, hauna uhusiano wowote na dawa hii.

Vituo vingi hutaka mgonjwa akae saa nne bila kula. Maji kwa kawaida yanaruhusiwa, na kwa aliyekwisha kupata kemo yanasaidia, maana mishipa yake imekuwa migumu na aliyekunywa maji vizuri tangu jana huchomwa mara moja badala ya nne. Kanula, kile kimrija kinachobaki mshipani, itakuwa ya pinki au ya kijani. Ile ndogo ya bluu haipendwi kwa kazi hii kwa sababu mashine husukuma mililita mbili hadi nne kwa sekunde, na mililita 80 hadi 100 huingia ndani ya nusu dakika au kidogo zaidi.

Hapo utahisi joto kooni, likishuka kifuani hadi chini ya kitovu, na ladha kama ya chuma mdomoni. Wengi hudhani wamejikojolea. Hawajajikojolea, hupita ndani ya dakika moja. Kisicho cha kawaida ni mkono kuuma na kuvimba pale penye kanula. Maana yake dawa inamwagikia nje ya mshipa, na hapo piga kelele, usivumilie. Ikitokea, picha nayo huharibika, kwa kuwa kila kiungo kina sekunde zake: ini hupigwa kama sekunde 70 tangu dawa ianze kuingia. Dawa ikichelewa, uvimbe na ini vinafanana rangi na hakuna kinachoonekana.

Kosa jingine ni pumzi. Mashine ikisema shika pumzi, shika. Kikohozi kimoja hutia ukungu sehemu ya chini ya mapafu na juu ya ini, mahali ambapo vivimbe vidogo hupenda kujificha. Mzee anayekohoa ajizoeze nyumbani kushika pumzi sekunde kumi.

MRI, picha ya mifupa na PET

MRI haina mionzi. Ina sumaku kubwa, kelele kama ya fundi bati, na inakulaza ndani ya bomba dakika 20 hadi 60. Chuma ndicho adui. Vua pete, vikuku, hirizi iliyofungwa kwa bati, shanga za kiunoni zenye ushanga wa madini, pini za mtandio, wigi lenye vibanio. Kitanzi cha uzazi cha shaba kwa kawaida si tatizo. Kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kipande cha risasi au chembe ya chuma iliyowahi kuingia jichoni ni lazima visemwe mapema. Fundi wa kuchomelea aseme kazi yake. Anayeogopa kubanwa aseme pia, siku ya kupanga tarehe, ili apewe dawa ya kutuliza na aje na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Picha ya mifupa ni nyingine kabisa. Unachomwa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi iitwayo teknesiamu, unasubiri saa mbili hadi nne huku ukinywa maji glasi nne hadi sita na kwenda haja ndogo mara kwa mara, ndipo unapigwa picha. Usipokojoa kabla ya kulala mezani, kibofu kilichojaa dawa kitaifunika mifupa ya nyonga.

PET haipo kila mahali. Jijini Nairobi ipo katika hospitali ya Aga Khan na katika ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wapo wanaosafiri kuifuata huko au India. Unachomwa sukari iliyotiwa alama ya mionzi, na seli zinazokula sukari kwa pupa huwaka. Usile saa sita kabla. Usifanye kazi nzito siku iliyotangulia, maana misuli iliyochoka nayo hula sukari. Na ukishachomwa, kaa kimya saa nzima bila kutafuna wala kuongea. Sukari ya damu ikizidi 11 mmol/L hivi, kipimo kwa kawaida huahirishwa. Alama yenyewe hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo aliyekwama kwenye foleni ya magari saa mbili hukuta zaidi ya nusu ya dozi yake imeshayeyuka. Baada ya PET, jitenge na wajawazito na watoto wadogo kwa saa chache, kwa muda utakaoambiwa kituoni.

Filamu si kipimo chote

Ile filamu kubwa nyeusi mnayoishika kuelekea dirishani ni muhtasari tu. CT moja ina vipande mamia. Filamu hubeba vichache. Vyote vimo kwenye CD. Na picha ya filamu iliyopigwa kwa simu ikatumwa WhatsApp haimfai daktari kupima milimita.

Ukiitazama, kumbuka kwamba picha huonyeshwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali. Kulia kwake ni kushoto kwako: ini lipo upande wa kushoto wa filamu. Mfupa ni mweupe, hewa ni nyeusi, na dawa iliyoingia kwenye mishipa ni nyeupe pia. Watu wameshalia kwa kuona "madoa meupe" ambayo ni mishipa ya damu ya kawaida. Kwenye PET, ubongo, figo na kibofu huwaka kwa kila mtu, na moyo mara nyingi. Utazame ukipenda, lakini majibu yako kwenye karatasi.

Soma karatasi kuanzia chini

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na mpangilio wake hubadilika kidogo sana: sababu ya kipimo, namna kilivyofanyika, picha ya zamani iliyolinganishwa, yaliyoonekana kiungo kwa kiungo, na mwisho hitimisho, ambalo hubeba kichwa "Impression" au "Conclusion". Anza na hitimisho. Kisha rudi juu kwenye mstari wa ulinganisho. Kama mgonjwa ana CT ya miezi mitatu iliyopita na hapo pameandikwa "None", ripoti ni nusu: peleka CD ya zamani na uombe ilinganishwe.

Maneno ya uhakika yana ngazi zake. "Consistent with" maana yake msomaji anaamini ndicho. "Suspicious for" maana yake anashuku kwa nguvu. "Indeterminate" maana yake haikujulikana, na mara nyingi jawabu ni kusubiri na kupiga tena. "Cannot be excluded" ni ngazi ya chini, mwandishi anajihadhari. "Unremarkable" huwatisha watu bila sababu. Maana yake hakuna la kutaja, ni habari njema. Na "lesion" ni sehemu yoyote isiyo ya kawaida, hata kovu. Si kisawe cha saratani.

Namba nazo zina mitego. Kwenye ripoti ya matiti, ambayo hupewa alama ya BI-RADS kuanzia 0 hadi 6, BI-RADS 0 haina maana ya "hakuna kitu". Maana yake picha hazitoshi, zinahitajika nyingine. BI-RADS 6 ni uvimbe ambao kinyama kimeshathibitisha, kwa hiyo si ajabu kuikuta. Kwa limfoma, saratani ya tezi za limfu, iliyopigwa PET kuna alama za Deauville, 1 hadi 5: tatu kurudi chini kwa kawaida ni matokeo mazuri, nne na tano zinaonyesha bado kuna kinachowaka. Na angalia kipimo ni sentimita au milimita. Tezi ya limfu ya 12 mm na uvimbe wa 12 cm ni mbingu na ardhi.

Mfano mmoja kwa karibu

Huu tumeutunga, lakini sentensi za namna hii utakutana nazo. MRI ya mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa Kiswahili, ingesomeka hivi:

"Uvimbe wa mlango wa kizazi, sm 4.6 × 3.9 × 4.1. Umeingia kwenye nyama za pembeni upande wa kushoto. Kibofu na puru havijaguswa. Tezi moja ya nyonga, kushoto, mm 12 upande mfupi. Mrija unaoshusha mkojo kutoka figo ya kushoto umetanuka, figo imejaa kiasi. Ini lina kifuko cha maji cha mm 9. Hakuna maji tumboni."

Familia hushtushwa na mambo mawili: sentimita 4.6 na ini. Kifuko cha maji kwenye ini wanacho watu wengi wazima wasio na ugonjwa wowote, kiache. Sentensi ya kushika ni ile ya figo. Katika mpangilio wa hatua wa 2018 wa FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake, si figo ya mwilini), uvimbe ulioingia nyama za pembeni peke yake ni IIB. Ukiziba mrija hadi figo ikajaa, ni IIIB. Tezi ya nyonga ikihesabiwa kuwa na ugonjwa ni IIIC1, na herufi ndogo "r" huongezwa kuonyesha kwamba imeamuliwa kwa picha. Tezi huanza kutiliwa shaka upande wake mfupi ukifika mm 10.

Lakini figo ina uzito kupita hatua. Tiba ya kawaida hapa ni mionzi pamoja na dawa ya kemo iitwayo sisplatini kila wiki, na sisplatini huumiza figo. Figo iliyoziba ikiachwa, kreatinini hupanda, sisplatini inazuiwa, na mgonjwa hubaki na mionzi pekee. Mara nyingine hulazimu kuwekwa mrija wa kupitisha mkojo kwanza. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "imefika hatua ya ngapi" pekee. Uliza: "Daktari, figo ya kushoto inahitaji kufunguliwa kabla ya kuanza? Kreatinini yake leo ni ngapi?"

Picha ya pili na ya tatu

Baada ya dozi kadhaa picha hurudiwa, na hapa ndipo ugomvi wa kifamilia huzaliwa, kwa sababu kila mtu ana hesabu yake. Madaktari wengi hutumia kipimo kiitwacho RECIST: huchaguliwa vivimbe visivyozidi vitano, viwili tu kwa kila kiungo, vipimo vyao vikajumlishwa. Jumla ikipungua angalau asilimia 30, dawa imejibu. Ikiongezeka angalau asilimia 20, na si chini ya mm 5, ugonjwa umesonga. Katikati huitwa kutulia.

Tuseme jumla ilikuwa mm 50. Picha ya pili inasoma 46: imepungua asilimia 8, na hiyo ni kutulia, si kushindwa. Ya tatu inasoma 34: asilimia 32, dawa imejibu. Ya nne inasoma 41. Nyumbani wanasema bado ni ndogo kuliko 50, tumshukuru Mungu. Daktari anasema ugonjwa umesonga na anataka kubadilisha dawa. Daktari yuko sawa: kukua hupimwa kutoka kiwango cha chini kabisa kilichowahi kufikiwa, na kutoka 34 hadi 41 ni zaidi ya asilimia 20.

Tofauti ya milimita mbili au tatu, kwa upande mwingine, mara nyingi ni mkono wa mpimaji au unene wa kipande. Ndiyo sababu ya kurudi, ikiwezekana, kwenye kituo kile kile na mashine ile ile.

Muda nao hudanganya. PET iliyopigwa mapema baada ya mionzi huwaka kwa sababu ya jeraha la mionzi yenyewe. Kwa kawaida husubiriwa wiki 12 hivi. Sindano za kupandisha chembe nyeupe huwasha uboho mwili mzima. Na picha ya mifupa katika miezi mitatu ya kwanza ya tiba yaweza kuonyesha madoa yamezidi kung'aa wakati mifupa inapona.

TB, wifi wa saratani kwenye picha

Kwetu jambo hili halikwepeki. Kifua kikuu huwaka kwenye PET sawa na saratani, huvimbisha tezi za kifua, na makovu yake ya zamani juu ya mapafu huonekana kama vivimbe. Kwenye uti wa mgongo ipo dalili inayosaidia: TB hupenda kula ile gegedu iliyo kati ya pingili mbili, ilhali saratani iliyohamia huko kwa kawaida hula mfupa na kuiacha gegedu. Picha ya mifupa nayo huwaka penye mfupa uliovunjika na kwenye goti lililochakaa. Kama mgonjwa aliwahi kutibiwa TB, ana VVU, au alianguka bodaboda mwaka jana, liandikwe kwenye fomu. Na doa moja tu la mbali linapobadilisha mpango wote kutoka kuponya hadi kutuliza maumivu, si utovu wa adabu kuuliza kama litachukuliwa kinyama kwanza.

Kutunza bahasha

Filamu zisikae juani wala kwenye dashibodi ya gari; nyingi zinazochapwa siku hizi huwa nyeusi kwa joto. CD iandikwe tarehe na aina ya kipimo kwa kalamu laini, upande wenye maandishi, bila kubandika karatasi juu yake. Ifungue kwenye kompyuta siku ile ile kabla hujaondoka mjini, kwani CD tupu si jambo geni. Ukiinakili kwenye flashi, chukua folda nzima jinsi ilivyo, kwa kuwa mara nyingi programu ya kufungulia imo humo humo, na faili moja moja lililochomolewa linaweza kukataa kufunguka kwenye kompyuta ya daktari.